Kurudi kwenye uigizaji baada ya miaka 11 ya kazi nyingine: kilichopotea hakikuwa kile nilichokihofia

Mleta uzi

Ndugu zangu, niliacha uigizaji nikiwa na miaka 29 na nimeurudia nikiwa na miaka 40. Katika miaka hiyo 11 nilikuwa mkaguzi wa madai ya bima. Kazi yangu ilikuwa kukaa mezani, kumsikiliza mtu aliyeunguliwa nyumba au aliyeibiwa gari, kuandika anayoyasema, kisha kupima kama maelezo yake yanalingana na vielelezo. Nimesoma maswali mengi ya watu wanaotaka kurudi kwenye fani hii, na naona majibu wanayopewa ni ya kutiana moyo tu. Moyo ni jambo jema, lakini leo nataka kueleza kwa undani yanayompata mwili, sauti na uso wa mtu anayerudi, kwa sababu mimi nilijiandaa kwa tatizo ambalo halikuwapo, nikakutwa na lile ambalo sikulidhania.

Hofu yangu ilikuwa kumbukumbu. Nilijiuliza mtu wa miaka 40 aliyezoea kusoma fomu atawezaje tena kubeba kichwani kurasa 30 za mazungumzo, na kwa miezi mitatu kabla ya usaili wangu wa kwanza nikawa nakariri kila usiku. Uwezo huo wa kukariri ulirudi mapema kuliko nilivyotazamia, hasa nilipoacha kukariri kimya nikiwa nimekaa na kuanza kukariri kwa sauti nikiwa natembea. Nilibadilisha pia mpangilio, nikawa naanza na maneno ya mwenzangu kabla ya yangu. Mwigizaji anayejua maneno yake peke yake husimama akingoja zamu, ilhali anayejua maneno ya mwenzake huisikia sababu ya yeye kusema.

Kilichopotea kilikuwa uso. Kazi ya ukaguzi ilinifundisha kwa miaka 11 kutoonyesha chochote. Anayeleta madai hapaswi kujua kama ninamwamini, na akilia mbele yangu natakiwa niwe mpole bila kutikisika, kwa kuwa mtikisiko wangu ungeweza kuchukuliwa kuwa ahadi. Niliifanya kazi hiyo kwa uaminifu, na uaminifu huo ukageuka kuwa tabia ya misuli. Katika mazoezi ya kwanza ya mchezo nilioupata, mwongozaji alinisimamisha mara tatu kwenye tukio lilelile, kisha akaniambia kwa upole, mbele ya wenzangu wote: “Nakuona ukipokea taarifa. Sijakuona ukipokea pigo.” Nilikuwa nimeambiwa kwamba mtoto wangu, kwa maana ya mtoto wa mhusika, amefariki, na nilikuwa nimeitikia kwa kichwa.

Nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya kioo, na hilo lilikuwa kosa. Kioo kilinifundisha kutengeneza huzuni usoni, na huzuni ya kutengenezwa hadhira huitambua kabla hata mwigizaji hajamaliza kuitengeneza. Kilichonisaidia ni zoezi la zamani la marudio, lile ambalo Sanford Meisner aliwafundisha waigizaji wa New York kwa miaka mingi. Watu wawili huketi wakitazamana, mmoja husema jambo analoliona kwa mwenzake, mwenzake hulirudia, na sentensi hiyohiyo huenda na kurudi mpaka kitu fulani kibadilike baina yao na sauti zibadilike zenyewe. Nilimwomba rafiki niliyeigiza naye zamani, tukalifanya kwa jioni kadhaa. Jioni mbili za kwanza sikubadilika hata kidogo. Ya tatu alisema, “Umechoka,” nami nilipolirudia neno hilo koo likanikaba, na wala sikuwa nimepanga chochote.

Tangu hapo nimeamini kwamba kila kazi humvika mtu vazi lake, na anayerudi kwenye uigizaji anapaswa kwanza kulijua vazi alilovishwa. Mwalimu hupata sauti inayosema na watu wote kwa pamoja, kiasi kwamba hushindwa kusema na mmoja. Muuguzi hupata utulivu unaowatuliza wengine hata pale tukio linapodai fadhaa. Muuzaji hupata tabasamu linalotangulia maneno. Askari husimama wima hata anapoigiza mlevi. Mazoea haya si ya kuonewa aibu, kwa kuwa yamemlisha mtu na familia yake, lakini yasipotambuliwa huingia kwenye kila mhusika bila kualikwa.

Upande wa pili ni yale niliyoyachuma. Kabla ya kuacha, nilikuwa nikiigiza huzuni kwa namna tunayoitarajia: nashika kichwa, napiga magoti, natazama mbali. Baada ya kuwasikiliza mamia ya watu waliopoteza mali zao na wakati mwingine wapendwa wao, najua kwamba mtu aliyeunguliwa nyumba mara chache huanza na nyumba. Huanza na kitu kidogo. Hutafuta risiti, hubishana kuhusu tarehe, husisitiza kwamba jiko lilikuwa na mafiga manne na si mawili. Konstantin Stanislavski, aliyeshiriki kuanzisha jumba la sanaa za maonyesho la Moscow mwaka 1898, kwanza aliipa uzito mkubwa kumbukumbu ya hisia, yaani mwigizaji kukumbuka aliyowahi kuyahisi maishani mwake, lakini katika miaka yake ya mwisho aliegemea zaidi vitendo vya mwili, akiona kwamba kitendo kilicho wazi huweza kuivuta hisia itakayokuja nyuma yake. Niliyasoma hayo nikiwa mwanafunzi na nikayajibia mtihani. Niliyaelewa miaka mingi baadaye, nilipomwona mzee mmoja akipekua mfuko uleule mara sita akitafuta karatasi ambayo sote wawili tulijua imeungua.

Wapo watu wanaojulikana ambao safari zao zinafaa kutazamwa kwa makini, wala si kwa kushangiliwa tu. Glenda Jackson wa Uingereza alikwisha kupata tuzo mbili za Oscar alipochaguliwa kuwa mbunge mwaka 1992. Alikaa bungeni hadi mwaka 2015, na mwaka 2016, akiwa na miaka 80, alisimama jukwaani London kama Mfalme Lear wa Shakespeare, nafasi inayowachosha hata wanaume wa umri mdogo. Mwaka 2018 akapata tuzo ya Tony New York kwa mchezo mwingine. Ninachokiona mimi ni kwamba hakurudi kuchukua tena nafasi za wanawake aliowaigiza katika miaka ya 1970. Alirudi na umri wake, akachukua mhusika ambaye miaka hiyo 23 ya kusimama mbele ya watu na kutetea hoja ilikuwa imemtayarisha kumvaa.

Mwigizaji wa Marekani Ke Huy Quan naye alianza akiwa mtoto wa miaka 12 katika filamu iliyotoka mwaka 1984. Alipokua nafasi zikakauka, akasomea utengenezaji wa filamu chuoni, akafanya kazi nyuma ya kamera kwa miaka mingi, ikiwemo kusaidia kupanga mapigano ya kwenye filamu, kisha akarudi mbele ya kamera na kupata Oscar mwezi Machi 2023 akiwa na miaka 51. Tazameni jinsi anavyotumia mwili wake katika matukio ya kupigana, nanyi mtaona kazi ya nyuma ya kamera ikifanya kazi mbele yake. Na kuna jambo dogo ambalo mimi nalipenda zaidi: mwanasheria aliyemshughulikia mkataba wa filamu ile ya kurudi alikuwa Jeff Cohen, ambaye aliigiza naye wakiwa watoto mwaka 1985 na baadaye akaacha uigizaji akawa wakili. Watu mlioanza nao, hata waliohama fani, wanaweza kuwa ndio mlango.

Ningependa kusikia kutoka kwa wengine waliorudi, wanaofikiria kurudi, na pia waliorudi wakashindwa.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa kuandika kwa uwazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 47, nimefundisha shuleni kwa miaka 16, na uliposema kuhusu sauti inayosema na watu wote kwa pamoja nililazimika kuacha kusoma kwa muda, kwa kuwa mume wangu huniambia hivyohivyo.

Nina maswali mawili. Nilipokuwa naigiza nilipewa nafasi za mabinti wanaopendwa, na picha nilizonazo ni za wakati huo. Sijui sasa mimi ni nani mbele ya mtu anayechagua waigizaji. Pili, na hili ni gumu zaidi kulisema, niliokuwa nao wakati ule sasa ndio waongozaji na watayarishaji. Kwenda kumwomba nafasi ndogo mtu ambaye zamani nilimfundisha namna ya kushika pumzi ni jambo ambalo kila nikilifikiria nalala nalo bila usingizi. Wewe ulilivukaje?

Mleta uzi

Dada yangu, naanza na la pili. Sikulivuka kwa mara moja. Nilimwandikia mtu ambaye zamani tulikuwa tukigawana nafasi, na ambaye sasa ana jina kubwa, barua ndefu iliyojaa kumbukumbu na maelezo ya kwa nini niliondoka. Hakunijibu. Baada ya miezi miwili nikamwandikia tena sentensi tatu: nimerudi, nina umri huu, niko tayari kusoma nafasi yoyote hata ya siku moja. Alijibu siku iliyofuata. Baadaye aliniambia kwamba barua ya kwanza ilimfanya ahisi anadaiwa kitu asichojua namna ya kukilipa. Kwa hiyo nakusihi usiombe urejeshewe mahali pako. Mahali pale pana mtu mwingine sasa, na yeye pia amepatolea jasho.

Kuhusu picha, piga mpya kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Mweleze mpiga picha asikuondolee mikunjo, vaa nguo isiyo na maandishi wala rangi zinazopiga kelele, na uhakikishe mtu atakayekuona mlangoni atamtambua yule aliyemwona kwenye picha. Zile za zamani zihifadhi kwa mapenzi, ila zisitoke nyumbani. Ukishaziona mpya, waonyeshe watu watano wasiokufahamu na uwaulize: huyu mama anafanya kazi gani, na anaficha nini? Majibu yao yatakuambia wahusika unaoweza kuombwa kuwavaa. Mimi niliambiwa mara nne kwamba ninafanana na mtu anayeleta habari mbaya, nami nikaacha kusaka nafasi za vijana wachangamfu.

Kwa sauti, anza leo. Lala chali sakafuni, weka mkono tumboni chini kidogo ya mbavu, vuta pumzi mpaka mkono uinuke bila mabega kusogea, kisha itoe kwa sauti ya chini isiyokatika. Dakika 15 kila siku zinatosha kwa mwezi wa kwanza. Halafu chukua hotuba fupi ya mhusika, umsomee mtu mmoja aliyekaa karibu nawe kiasi cha kuguswa, kwa sauti ambayo mtu wa chumba cha pili asingeisikia. Kwa mwalimu zoezi hilo ni gumu kuliko kujaza ukumbi.

Mchangiaji wa pili

Nimesoma yote kwa heshima, na sitaki kumvunja mtu moyo, ila mleta uzi ameomba pia sauti ya walioshindwa, nami ni mmoja wao. Niliacha kazi ya uhandisi kwa barua nzuri ya kuaga, nikajipa mwaka mmoja. Akiba ilikwisha mwezi wa tisa. Kuanzia hapo kila usaili niliingia nikiwa na kodi ya nyumba kichwani, na nadhani ilionekana usoni mwangu kabla sijafungua mdomo. Mtu anayehitaji mno nafasi huacha kumsikiliza aliye mbele yake, husikiliza tu kama amekubaliwa. Mwezi wa 14 nilirudi kwenye uhandisi.

Kwa hiyo ninasema kwa uzito wote: msiache kazi inayowalisha mpaka uigizaji uanze kugombania saa zake. Na msione haya kuonekana mkifanya kazi hiyo. Mwaka 2018 nchini Marekani, Geoffrey Owens, aliyejulikana kupitia tamthilia ya televisheni ya miaka ya 1980, alipigwa picha akiwa kwenye mashine ya malipo dukani, na picha ikasambazwa kana kwamba ni fedheha. Yeye hakuwa ameacha kabisa kuigiza wala kufundisha uigizaji, alikuwa tu akijazia kipato. Waigizaji wenzake walimtetea hadharani, naye akazungumza kuhusu heshima iliyomo katika kila kazi na kukataa kuonewa huruma. Ningalikuwa na msimamo wake, huenda nisingaliandika ile barua ya kuaga.

Mchangiaji wa tatu

Mimi sijawahi kuigiza. Kazi yangu ni kuwapanga na kuwachagua waigizaji, kwa hiyo niko upande wa pili wa meza, nami ningependa kueleza tunachokiona.

Hatuogopi pengo la miaka kwenye wasifu. Tunachokiogopa ni maelezo yake. Mtu akiingia na kutumia dakika nne kati ya tano alizopewa kueleza kwa nini aliondoka, ninajua zaidi kuhusu maisha yake kuliko kuhusu uwezo wake. Andika nafasi za zamani pamoja na miaka yake, andika kazi uliyoifanya katikati kwa mstari mmoja, na uendelee. Mstari huo unaweza hata kukusaidia. Nikitafuta mtu wa kuigiza kama daktari wa wanyama na nikaona mmoja aliyewahi kuifanya kazi hiyo, nitamwita, kwa kuwa mikono yake itajua namna ya kumshika mnyama.

Jambo linalowatatiza zaidi wanaorudi ni kwamba siku hizi hatua ya kwanza ya usaili mara nyingi hufanyika kwa video ambayo mwigizaji hujirekodi mwenyewe. Aliyeondoka miaka 15 iliyopita alizoea kuingia chumbani na kusalimiana na watu. Wengi hujirekodi wakiwa na dirisha nyuma yao, nasi huona kivuli. Weka mwanga mbele yako, ukuta mtupu nyuma, simu iwe imelala kwa upana na ifikie usawa wa macho, na uonekane kuanzia kifuani kwenda juu. Anayekusomea maneno ya mhusika mwingine asimame pembeni mwa kamera, karibu nayo kabisa, ili macho yako yawe karibu nayo, na asome kwa sauti ndogo kuliko yako. Sauti ikiwa mbaya hatuendelei, hata picha ikiwa nzuri. Na wale waliotoka jukwaani nawaomba wapunguze: kamera iko umbali wa hatua mbili, haiko safu ya mwisho ya ukumbi.

Jambo la mwisho. Mleta uzi amesema vazi la kazi huingia bila kualikwa. Ni kweli, lakini nimeona pia wanaorudi wakijitahidi kulivua lote hadi wanabaki bila chochote cha kutazamwa. Nisingependa ndugu yetu apoteze ule utulivu wake. Mtu anayepokea habari za msiba kwa kuitikia kwa kichwa anaweza kutisha sana, iwapo mtazamaji ataona kwamba ndani yake kuna kitu kinachozuiwa.

Mleta uzi

Nimewasoma wote zaidi ya mara moja. Ndugu mhandisi, ninakubaliana nawe na nilipaswa kulisema mwanzoni: mimi bado ninafanya ukaguzi siku tatu kwa wiki, na mazoezi yetu hufanyika jioni. Meneja wangu nilimwambia ukweli tangu siku ya kwanza, kwa kuwa sikutaka kuigiza pia ofisini. Nadhani neno “nilishindwa” umejitwisha zito mno. Umetueleza kinachompata mtu anayeingia kwenye usaili na kodi kichwani kwa usahihi ambao sijausoma mahali pengine.

Na wewe uliye upande wa pili wa meza, sentensi yako ya mwisho nimempelekea mwongozaji wangu. Jana tumelirudia lile tukio la mtoto. Aliniambia nisijaribu kulia wala kutolia, nifanye tu kitu kimoja kwa mikono yangu. Nilikumbuka yule mzee na mfuko wake. Basi mjumbe akasema maneno yake, nami nikaanza kutafuta kwenye koti langu namba ya simu ya shule ya mtoto, mfuko wa kulia, wa kushoto, wa ndani, kisha tena wa kulia. Mwenzangu anayeigiza mjumbe alisahau maneno yake yaliyofuata, na mwongozaji hakutusimamisha.